Joto la Diski Si la Kukisiwa kwa Mkono

Mimi ni mwanachama mwenzako wa Chama cha Kiswahili, kidato cha tatu. Najua wengi wenu mkifungua jarida hili hukimbilia kwanza mashairi na vichekesho, nami siwalaumu. Hata hivyo naomba unipe dakika chache nikueleze habari ya joto la diski za tarakilishi. Usiseme, "Hayo ni ya wale wanaosoma somo la kompyuta." Ikiwa picha za arusi ya dada yako zimo kwenye kipakatalishi cha nyumbani, ikiwa alama zako za mtihani zimehifadhiwa katika mashine ya ofisini, au ikiwa wewe ni mtahiniwa wa kidato cha nne na mradi wako umo ndani ya mashine ya maabara, basi jambo hili ni lako pia.

Isitoshe, chama chetu chenyewe kina mali yake. Tangu mwaka jana tumekuwa tukiwaendea wazee wa hapa Voi na wengine wa kule Mbololo, tukiwarekodi kwa simu wakitoa ngano, nyimbo za kazi na masimulizi ya enzi za gari la moshi. Rekodi zote zimo katika diski moja nyeusi ya kubebeka. Mmoja wa wazee hao ametutoka tangu hapo, Mungu amlaze pema, na sauti yake imebaki mle tu. Diski yenyewe hulala ndani ya sanduku la bati, katika stoo ya mabati, katika mji ambao mchana wa Februari joto hupita nyuzi 30 za Selsiasi hata kivulini. Katika mkutano mmoja wa chama palizuka mjadala mkali. Wengine walisema joto litaiua, eti heri iwekwe ndani ya friji ya kantini pamoja na soda. Wengine wakasema huko ni kuogopa bure. Nikapewa kazi ya kuchunguza.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuuacha mkono. Watu wengi wakitaka kujua kama diski imepata moto huigusa kwa kiganja, kisha hutangaza, "Hii inaungua!" Kiganja ni kipimo kibaya. Mwili wa binadamu una nyuzi 37 hivi kwa ndani, na ngozi ya kiganja aghalabu ni baridi kuliko hapo. Kwa hivyo chuma chenye nyuzi 45 utakiona cha moto sana, ilhali kwa diski iliyo kazini nyuzi 45 ni jambo la kawaida. Fauka ya hayo, chuma na plastiki zenye joto sawa hazihisiwi sawa mkononi, maana chuma hupitisha joto upesi na plastiki hulizuia. Diski iliyovikwa plastiki inaweza kuwa taabani ndani huku nje wewe waiona vuguvugu tu.

Pili, kuna aina mbili kubwa za diski, na tabia zao mbele ya joto hazifanani.

Nianze na ile ya zamani, diski ngumu ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani, moja au zaidi, za alumini au kioo, zilizopakwa tabaka jembamba la sumaku. Ukiwaza santuri za zamani za babu zetu hutakuwa mbali sana. Data zako ni alama ndogo ndogo mno za sumaku juu ya sahani hizo. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, na pamoja na ukubwa wake wote ilibeba herufi milioni 5 tu. Leo picha mbili tatu za simu zingeijaza pomoni.

Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Sahani yake ina kipenyo cha milimita 95 hivi. Nilipiga hesabu kwa kutumia pai, jinsi tunavyofunzwa darasani, nikapata kwamba ukingo wa sahani huenda karibu mita 36 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Matatu yenyewe hairuhusiwi kupita 80! Na juu ya sahani hiyo inayotimka huelea kichwa cha kusomea, kikiwa kimeachana nayo kwa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Si mchezo.

Joto latoka wapi basi? Latoka kwa mota inayozungusha sahani, kwa hewa inayosuguana nazo, kwa koili inayourusha mkono wa kichwa huku na huku, na kwa saketi za umeme zilizo chini yake. Diski ya mezani ikiwa kazini hula wati 5 hadi 8 hivi, na ile ndogo ya kipakatalishi hula kama wati 2. Ni kiasi kidogo, kinachokaribiana na balbu ya siku hizi. Lakini karibu umeme huo wote hatimaye hugeuka joto, na joto likikosa mahali pa kutokea hujilimbikiza, kama vile watu ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Likijilimbikiza, vyuma hutanuka. Mafuta ya beringi huwa mepesi na huzidi kuvukizwa. Sehemu za kielektroniki huchakaa kabla ya siku zake. Baridi kali nayo si rafiki, kwa sababu mafuta huwa mazito na mota huhangaika kuanza. Watengenezaji wengi huandika kwamba diski ya kuzunguka iliyo ndani ya mashine inaweza kufanya kazi mpaka nyuzi 60. Mimi naichukulia 60 hiyo kama ukingo wa barabara. Hakuna dereva mwenye akili anayeendesha gari akiwa juu ya ukingo siku nzima ati kwa kuwa hajaanguka bado. Kati ya 30 na 45 tulia ufanye kazi yako. Ikifika 50 anza kutafuta sababu. Ikipita 55, hifadhi kazi yako, zima mashine, kisha utafute sababu.

Kinaya ni kwamba baadhi ya diski mpya za kampuni ya Seagate huandika data kwa kutumia joto lenyewe. Leza ndogo hupasha kidoa kimoja cha sahani kupita nyuzi 400, kichwa kinaandika, na kidoa hupoa, yote katika nanosekunde chache. Kidoa chenyewe ni kidogo sana hata diski nzima haipati habari.

Sasa twende kwenye swali lililotugawanya pale mkutanoni: je, joto huua diski kweli? Mwaka 2007 wahandisi watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha ripoti juu ya diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika katika mashine za kampuni hiyo. Kila mtu alitarajia wangesema kwamba kadiri joto linavyopanda ndivyo diski zinavyokufa. La hasha! Kwenye joto la wastani hawakuona jambo hilo, na diski zilizokaa baridi ndizo zilizoharibika zaidi. Madhara ya joto yalijitokeza pale tu lilipokuwa la juu sana, na hasa kwa diski zilizokwisha kuzeeka, zenye umri wa miaka mitatu hivi na kuendelea.

Upande wa friji usikate tamaa. Mwaka 2011 wahandisi wa Microsoft nao walitoa uchunguzi wao, wakasema wameona uhusiano ulio wazi kati ya joto na kuharibika kwa diski. Kisha mwaka 2014 kampuni moja ya Marekani iitwayo Backblaze, inayohifadhi data za watu kwa malipo, ilizitazama diski zake ikasema kwamba kwa nyingi haikuona uhusiano wowote, isipokuwa kwa aina chache.

Nani mkweli? Mimi sioni kwamba kuna aliyedanganya. Hawa wote walipima diski zilizo katika majumba makubwa yenye mitambo ya kupoza hewa, ambako diski nyingi hazifiki hata nyuzi 50. Hakuna aliyepima stoo ya mabati ya Voi. Ninachokichukua kwao ni hiki: ukiona diski ya jirani yako ina 36 na yako ina 42, usipoteze usingizi. Lakini diski iliyozeeka ikikaa kwenye joto kali, hapo pana jambo. Nasi sote twajua kwamba mashine nyingi za maabara yetu zilikuja zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Ni wazee tayari.

Kwa bahati nzuri, diski za miaka hii zina kipimajoto chao cha ndani. Ni sehemu ya mfumo uitwao SMART, ambao huweka kumbukumbu ya afya ya diski: imewashwa saa ngapi, imekutana na sehemu ngapi mbovu, na ina joto gani sasa hivi. Ukitumia Windows, kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha joto kwa tarakimu kubwa bila ya wewe kutafuta. Ukitumia Linux, kuna smartctl. Ukiona orodha ndefu ya namba usitishike. Joto aghalabu liko kwenye namba 194, ambayo programu nyingine huiandika C2, kwa sababu 194 ukiiandika katika kizio cha kumi na sita huwa C2. Waliosoma mada ya mifumo ya namba wamenielewa.

Kwa idhini ya mwalimu wa maabara nilisoma joto la diski ya mashine moja ya mezani siku nzima ya Jumatano. Saa mbili asubuhi, ikiwa imewashwa punde tu, ilikuwa 29. Saa nne ikawa 38. Saa sita, 43. Saa nane mchana, jua likiwa limelivalia njuga paa letu, ilisoma 49. Kipimajoto tulichoazima maabara ya fizikia kilionyesha kwamba chumba wakati huo kilikuwa na nyuzi 34. Tofauti ni nyuzi 15, na hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote. Diski iliyo kazini haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Feni haitengenezi baridi, husogeza hewa tu. Kwa hivyo una mambo mawili pekee ya kushughulikia: hewa ya chumba iwe na joto gani, na tofauti kati ya hewa hiyo na diski iwe ndogo kadiri gani.

La kwanza lina mipaka, maana shule haina kiyoyozi na bajeti yake mnaijua. La pili ndilo letu. Tulipoufungua ubavu wa mashine ile tukiwa na mwalimu, stima ikiwa imechomolewa, tulilikuta lile vumbi letu jekundu limejipanga kwenye matundu ya hewa na mabawa ya feni kama unga kwenye chekecheo. Tuliliondoa kwa brashi laini ya rangi, tukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Kesho yake saa nane, chumba kikiwa na nyuzi 34 zile zile, diski ilisoma 43. Brashi hiyo ilitoka chumba cha sanaa, haikununuliwa.

Vumbi hilo, nielewe vizuri, halikuwa limeingia ndani ya diski yenyewe. Diski za kawaida zina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio, na kuna nyingine kubwa za kisasa zilizozibwa kabisa na kujazwa gesi ya heliamu badala ya hewa. Kwa hivyo usidanganywe na mtu yeyote kufungua diski ili uipanguse. Punje moja ya vumbi la Tsavo ikitua juu ya sahani ile, kwa kichwa kinachoelea nanomita chache, ni kama mlima wa Sagalla umewekwa katikati ya barabara.

Mashine ipe nafasi ya kupumua. Kuibana ukutani, au kuirundikia vitabu vya mazoezi ubavuni, ni kuiziba pua. Ile iliyo karibu na dirisha la magharibi huchomwa na jua la alasiri moja kwa moja, na kuihamisha hadi upande wa pili wa chumba hakugharimu kitu. Kuna wanaoutoa ubavu wa mashine wakauacha wazi daima, wakidhani wanaipepea. Kwa mashine nyingi huo si msaada mkubwa, kwa sababu feni imepangwa ivute hewa kupitia mbele ipite juu ya diski. Ukiacha ubavu wazi hewa huingia njia ya mkato, na vumbi nalo halisubiri kukaribishwa. Wenye vipakatalishi nyumbani, jameni, acheni kuviweka juu ya godoro na blanketi. Matundu yao mara nyingi yako chini. Hata sinia la chai lililofunikizwa ni afadhali kuliko godoro. Tena kama una kazi nzito ya kunakili faili nyingi, ifanye asubuhi. Hii ya asubuhi ndiyo naipenda zaidi, maana haihitaji chochote ila kuamka.

Nigeukie sasa aina ya pili, ile diski isiyozunguka, ambayo wauzaji huiita SSD. Ni ndugu mkubwa wa flashi uliyonayo mfukoni. Kumbukumbu za namna hii zilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba huko Japani katika miaka ya 1980. Haina sahani wala mota. Data huwekwa kwa kufungia elektroni ndani ya visanduku vidogo mno vyenye kuta za kuhami umeme. Ikiwa kazini yaweza kuvumilia joto zaidi ya ile ya kuzunguka, na nyingi zimeruhusiwa kufika nyuzi 70. Zile nyembamba zenye kasi sana zikikaribia mpaka wao hujipunguzia mwendo zenyewe ili zipoe. Ukiona mashine yako mpya imekuwa nzito ghafla wakati wa kunakili filamu, huenda ni hivyo tu. Haijafa.

Hatari yake iko kwingine, nako ni pale ilipozimwa. Kuta zile za visanduku hazizuii kabisa kabisa. Elektroni huvuja polepole, kama maji ya mtungi unaotoka jasho, na joto huharakisha uvujaji. Shirika la JEDEC, linaloweka viwango vya vifaa vya elektroniki, linataka SSD ya mtu wa kawaida iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa iweze kuhifadhi data mwaka mmoja bila umeme, ikiwa imewekwa mahali penye nyuzi 30. Ukiongeza nyuzi 5, muda huo hupungua kwa karibu nusu. Kwa hesabu hiyo, penye nyuzi 35 ni kama miezi sita, na penye 40 ni kama miezi mitatu. Mwaka 2015 habari hii ilivuma vibaya, magazeti mengine yakaandika eti SSD zote husahau data kwa siku chache. Sivyo. Hesabu hizo ni za diski iliyochakaa kabisa, na iliyo changa huhifadhi muda mrefu zaidi ya hapo. Lakini nani kati yetu ajuaye umri wa flashi aliyoinunua kwa mchuuzi pale stendi? Akiba haiozi, walisema wahenga, ila wao hawakuiona flashi ikiachwa ndani ya sanduku la bati likizo nzima ya Desemba. Wala usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, maana hapo joto huweza kupita nyuzi 60.

Baada ya hayo yote niliirudia ile diski nyeusi ya chama. Nilipoiunganisha na mashine nilikuta ni ya kuzunguka. Kwa hivyo habari ya elektroni zinazovuja haiihusu. Alama za sumaku hazivuji namna hiyo, na diski nyingi za kubebeka zimeruhusiwa kukaa zikiwa zimezimwa hadi kwenye nyuzi 65. Kumbe stoo, pamoja na ubaya wake, haikuwa adui mkubwa tuliyemdhania. Upande wa friji ulinuna kidogo.

Adui alikuwa karibu zaidi. Diski hiyo ina mfuko mzuri wa sufi uliofumwa na mwanachama mmoja, wenye rangi za bendera, na tulikuwa tukiitumia ikiwa ndani ya mfuko huo, waya tu umetokeza. Nilinakili rekodi kwa muda wa saa moja ikiwa hivyo, ikasoma nyuzi 54. Nikaitoa mfukoni, nikaiweka juu ya sakafu ya saruji, nikaendelea na kazi ile ile, na baada ya nusu saa ilikuwa 46. Kumbuka pia kwamba vijitabu vya diski hizi za kubebeka mara nyingi husema zitumike mahali ambapo hewa haizidi nyuzi 35. Hiyo ni hewa ya chumba, tofauti na ile 60 ya diski ya ndani ya mashine niliyoitaja mwanzo. Chumba chetu chenye 34 kiko mlangoni kabisa. Hivyo mfuko umebaki wa kubebea tu, na kazi zote za rekodi hufanywa kabla ya mapumziko ya saa nne.

Lakini hata diski ingekaa kwenye nyuzi 35 maisha yake yote, hiyo si dhamana. Katika ripoti ile ya Google kuna jambo lililonitia wasiwasi kuliko joto. Kati ya diski zilizokufa, zaidi ya nusu, yaani asilimia 56, hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu ambazo SMART huzihesabu. Zilikuwa nzima jana, leo zikafa. Ndiyo maana chama kilikubaliana rekodi za wazee ziwe na nakala ya pili, katika flashi, na flashi hiyo itunzwe kwa mwalimu mmoja anayeishi Wundanyi, huko juu milimani ambako usiku watu hulala na blanketi mbili. Kwa kuwa ni flashi, itakuwa ikiletwa kila mwanzo wa muhula, ichomekwe, rekodi zichezwe moja moja, kisha zinakiliwe upya. Nakala ya tatu iko ndani ya mashine ya mwalimu mlezi wa chama. Zikitokea tatu zote kufa mchana mmoja, hiyo itakuwa ajali ya kuandikiwa ngano.

Limebaki neno moja, la friji. Imani hii haikuzuka kantini kwetu. Zamani kuna watu waliokuwa wakitia diski iliyokufa ndani ya friza usiku kucha, wakitumaini vyuma vitasinyaa na kilichokwama kitajikwamua, na wengine wakasema imewafaa. Tatizo ni lile lile la chupa ya soda: ukiitoa kwenye baridi hadi kwenye hewa ya moto, hutoka jasho. Jasho hilo likitanda juu ya saketi na sahani, kichwa kikaanza kupita kwa zile kilomita 120 kwa saa, kilichokuwa kimebaki nacho kinakwenda. Ukiiona diski yako inalia tik-tik-tik kama saa ya ukutani, ikipotea na kurudi kwenye skrini, au namba 05 na C5 kwenye orodha ya SMART zimeacha kuwa sufuri na zinapanda, iache friji ya watu. Wahandisi wale wa Google waliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la usomaji inapojikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Siku 60 ni chini ya muhula mmoja. Usianze kuipangusa wala kuiendeshea programu za kuitengeneza, maana hizo huikimbiza mbio pale inapohitaji kupumzishwa. Iweke mahali penye hewa, chukua diski nyingine, na unakili. Anza na zile faili ambazo hazina nakala popote pengine duniani. Filamu na miziki ya kupakua isubiri.